Mistari Saba

Enesi Nzowa alikuwa na meza yake ndani ya steshenari ya Raudha, pale Tunduma, kwenye barabara inayopanda kwenda forodhani. Raudha ndiye mwenye duka, mwanamke wa Tanga aliyeletwa mpakani na ndoa, akabaki hata baada ya ndoa kuisha. Yeye aliuza karatasi na kutoa fotokopi. Enesi alikuwa amepanga kona ya dirishani tu, akaweka laptopu, printa na kiti cha mteja. Nje malori yalipanga foleni tangu alfajiri yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na makarani wa mawakala wa forodha waliingia na kutoka wakiwa na mafaili kwapani.

Wengi wao walimfuata Enesi kwa jambo moja: makro. Kulikuwa na kazi ambayo karani aliifanya kutwa nzima, ya kutafuta namba ya kontena kwenye jedwali moja na kunakili uzito na aina ya mzigo wake kwenye jedwali jingine. Enesi aliiandikia maagizo mafupi ndani ya Excel, kompyuta ikaimaliza karani akiwa bado anakunywa chai. Watu wa mjini walimwelewa. Nyumbani kwao, kijijini upande wa Itaka, walijua tu kwamba Enesi anachapa.

Kwa hiyo alifurahi sana siku kaka yake Lusubilo alipoingia dukani na flashi mfukoni, akasema kijiji kina kazi yake.

Lusubilo alimzidi miaka tisa. Baba yao alipofariki, Enesi akiwa kidato cha pili, Lusubilo ndiye aliyeshika nyumba, na ndiye aliyempeleka Mbeya kusoma kompyuta wakati wajomba walisema msichana aolewe. Enesi hakuwahi kulisahau hilo. Sasa kaka yake alikuwa mwandishi wa kamati ya kuhakiki mashamba ya kijiji. Shirika moja lilikuwa limekuja kupima mashamba yote ili wananchi wapewe hati za kimila, lakini mradi ukafika mwisho kabla ya kazi. Wapimaji waliondoka wakiacha jedwali la vipimo na fomu tupu. Mashamba yalikuwa mia sita na kumi na mawili. Kila fomu ilitaka jina la mmiliki, namba ya shamba, ukubwa wake na majirani wa pande zote nne. Kamati ilijaribu kujaza kwa mkono. Wiki nzima ikatoka na fomu thelathini, nusu yake zimekosewa.

Lusubilo alieleza kwamba wenzake walikuwa wameshakata tamaa, ndipo yeye akawaambia mdogo wake yuko Tunduma na kazi hii kwake ni ya siku mbili. Alilisema mbele ya Raudha, kwa sauti ya mtu anayejivunia ndugu yake. Halafu akaomba kitu kimoja: chini ya kila fomu paandikwe kwamba imeandaliwa na E. Nzowa, ili watu wa nyumbani wajue nani kawafanyia. Enesi aliona aibu kidogo, lakini alikubali.

Kazi haikuwa ya siku mbili. Kwa maneno ilikuwa rahisi: chukua namba ya kwanza kwenye orodha, shuka nayo kwenye jedwali la vipimo mstari kwa mstari mpaka uikute, nakili jina, ukubwa na majirani, bandika kila kimoja mahali pake kwenye fomu, hifadhi, kisha rudi uchukue namba inayofuata. Siku ya kwanza fomu zote mia sita na kumi na mbili zilitoka na jina la mtu mmoja, yule wa mstari wa juu, kwa sababu Enesi alisahau kuiambia kompyuta ishuke. Siku ya pili karibu namba mia moja zilijibu kwamba hazipo, ingawa aliziona kwa macho yake. Alihangaika nazo mpaka mchana ndipo akagundua kwamba wapimaji waliacha nafasi tupu nyuma ya baadhi ya namba. Kwa jicho la mtu namba ni ileile. Kwa kompyuta, 118 na 118 yenye nafasi nyuma ni vitu viwili tofauti. Akaongeza amri ya kufyeka nafasi hizo. Siku ya tatu majirani wa kaskazini walihamia kusini. Siku ya nne makro ikatembea kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama.

Shamba alilolitumia kujaribia lilikuwa hilohilo namba 118, kwa sababu alilijua kwa miguu. Lilikuwa la shangazi yake Tukuswiga, dada wa baba yao. Shangazi aliolewa Ruanda, ile kata ya hukohuko Mbozi, akiwa binti, akarudi bila mtoto, na babu akampa shamba la bondeni karibu na kijito. Kahawa yote iliyokuwamo aliipanda yeye. Mama yake Enesi alipofariki, Enesi alihamia nyumbani kwa shangazi na kukulia humo. Miaka saba ya kuchuma kahawa katika mistari ileile. Fomu ilipojitokeza kwenye kioo ikiwa imejaa, Tukuswiga Nzowa, ekari tatu na robo, mashariki kijito, Enesi alicheka peke yake, akamwita Raudha aje aone.

Orodha nzima ilichapwa na kubandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji kwa siku thelathini, ili mwenye pingamizi aseme. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Hakuna aliyepinga.

Siku thelathini zilipokwisha, Lusubilo alimtumia Enesi faili jingine kwa WhatsApp. Alieleza kwamba kamati imerekebisha majina machache yaliyokosewa herufi, hivyo atumie jedwali hili jipya badala ya lile la kwanza, na asihangaike kusoma moja moja kwa kuwa kamati imeshasoma. Enesi alikuwa na wateja watatu kwenye benchi. Alifungua faili, akaona lina mistari mia sita na kumi na miwili, akalielekeza kwenye makro na kubonyeza. Printa ilifanya kazi siku moja na nusu. Yeye alilisha karatasi, akapanga hati kwa namba, akazifunga kwenye maboksi mawili na kuyakabidhi kwa dereva wa gari la Mlowo. Macho yake yalikuwa kwenye wino na kingo za karatasi. Maneno hakuyasoma.

Kijiji kilichagua Jumamosi moja ya Agosti kwa ajili ya kugawa hati. Enesi alifunga meza yake, akaenda Mlowo, akapanda bodaboda hadi kijijini, amevaa gauni alilokuwa analivaa kanisani. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya ofisi. Gloria, mtendaji wa kijiji, dada wa miaka thelathini hivi aliyehamishiwa pale mwaka uliopita, alikuwa na meza yenye yale maboksi mawili. Kabla ya kuanza alimtambulisha Enesi, akasema hati hizi zimetoka mikononi mwa binti wa hapahapa, na watu wakapiga makofi. Enesi alisimama na kukaa haraka. Shangazi Tukuswiga, aliyekuwa mstari wa mbele na kitenge kipya, aligeuka kumtazama na akaendelea kupiga makofi wengine waliponyamaza.

Majina yaliitwa. Shangazi alipoitwa alipewa karatasi moja, akashukuru, lakini hakuondoka pale mezani. Alimwambia mtendaji kwa utulivu kwamba yeye ana mashamba mawili, la nyumbani na la mtoni, namba 118 kwenye orodha ya ukutani. Gloria alifunua boksi, akatafuta, akaitoa ile ya 118 na kuisoma kimyakimya. Kisha akaisoma tena.

"Bibi," alisema, "hii ya mtoni imeandikwa Lusubilo Nzowa."

Enesi alidhani ni kosa la makro. Wazo lake la kwanza lilikuwa nafasi tupu nyuma ya namba, na alikuwa ameshaanza kunyanyuka ili aeleze kwamba litarekebishwa leoleo. Lakini Lusubilo, aliyekaa na wanakamati pembeni ya meza, alikuwa ameshasimama.

"Mimi nilipeleka jedwali tu," alisema. "Hati zimetoka kwenye kompyuta ya Enesi. Jina lake liko chini ya kila karatasi."

Alilisema bila kumtazama Enesi, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Hapo Enesi alijua. Hakujua bado limefanywaje, lakini alijua kwamba mtu asiyehusika angeshangaa kwanza, na kaka yake hakushangaa.

Shangazi alimgeukia. "Enesi, hii karatasi umeiandika wewe?"

"Nimeichapa mimi, shangazi, lakini..."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu kamili. Aliikunja hati yake moja, akaitia kifuani, akapita katikati ya watu akaenda zake. Mtu mmoja nyuma alisema, si kwa sauti ya chini, kwamba watoto wakisoma ndivyo wanavyolipa. Ugawaji uliendelea. Enesi alibaki amesimama muda, mpaka mama mmoja akamvuta gauni akae kwa sababu alikuwa anawazibia.

Aliondoka kabla haujaisha, akashuka kwa shangazi. Mlango ulikuwa wazi. Siku zote Enesi aliingilia uani, akafunua sufuria, akala kilichopo. Safari hii shangazi alitoka kumpokea mbele, akamkaribisha sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa kilichofumwa, kile cha mchungaji na cha wageni kutoka mbali. Akamletea chai kwenye kikombe chenye kisosi. Akamuuliza habari za Tunduma. Enesi alieleza kila kitu, jedwali la kwanza, jedwali la pili, jinsi kompyuta inavyotafuta namba na kunakili kilicho mbele yake. Alisikia mwenyewe namna maneno yale yalivyosikika mle ndani. Yalisikika kama uongo wa mtu aliyesoma.

Shangazi alimwacha amalize. Kisha akasema, "Kama wewe na kaka yako mlilitaka lile shamba, mngeniambia tu. Wewe ningekugawia."

Enesi alisema hakulitaka. Shangazi akajibu kwamba sawa, amesikia, na anywe chai isipoe.

Enesi alimkuta Lusubilo nyuma ya nyumba yake, akigeuza kahawa kwenye vichanja. Aliendelea kuigeuza Enesi alipokuwa anaongea. Hakukana. Alisema ardhi ile ni ya ukoo, na babu alimpa shangazi aitumie, hakumpa aimiliki. Shangazi hana mtoto. Akifa, watakuja watu wa kule Ruanda alikoolewa kusema marehemu alikuwa wao. Enesi akamkumbusha kwamba shangazi alitoka Ruanda miaka arobaini iliyopita na hakuna mtu wa kule aliyewahi hata kumjulia hali. Lusubilo alisema yeye ana watoto wanne na Enesi anajua.

"Kwa nini hukuniambia?" Enesi aliuliza.

"Ningekuambia, ungekataa."

"Kwa hiyo ukanifanyisha bila kujua."

Lusubilo aliacha kugeuza kahawa. "Nilijua hutasoma. Wewe ukishaiamini hiyo mashine yako, husomi."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko shamba lenyewe. Lilikuwa kweli, na ni mtu anayempenda tu angeweza kulijua. Kaka yake alikaa dukani kwake siku ile, akamtazama anavyofanya kazi, akampangia. Hata jina chini ya fomu halikuwa heshima. Lilikuwa ni la siku kama ya leo, shangazi atakapouliza nani kaandika.

Enesi alipogeuka kuondoka, Lusubilo alimwambia asisahau nani alimsomesha.

Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu saa nne asubuhi, akiwa dukani, aliyafungua majedwali yote mawili, la kwanza na la pili, akaandika makro nyingine. Ilikuwa fupi kuliko ile ya mwanzo: chukua kila namba ya shamba kwenye jedwali jipya, itafute kwenye jedwali la zamani, linganisha jina na jina, na pale yasipolingana nakili yote mawili kwenye ukurasa mtupu, ubavu kwa ubavu. Aliiandika bila kukosea hata mara moja, na jambo hilo lilimuudhi. Alitumaini mstari mmoja tu. Alikuwa tayari kujiambia kwamba ni ugomvi wa nyumbani, wa shangazi na mpwa wake, utamalizwa nyumbani.

Ilitoka mistari saba.

Kama ni herufi zilizokosewa, hakuna hata moja iliyorekebishwa. Yalikuwa ni majina mazima yaliyoondolewa na mengine kuwekwa. Mstari wa kwanza ulikuwa wa shangazi. Wa pili ulikuwa wa mjane mmoja, Ruti, aliyeuza mboga karibu na shule. Wa tatu wa mwanamume aliyekuwa kibarua Zambia na hakuonekana tangu mwaka juzi. Wajane wengine wawili. Kijana mgonjwa aliyelelewa na dada yake. Mzee mmoja asiyeona. Kila aliyeondolewa alikuwa mtu ambaye hana wa kumsemea. Waliowekwa walikuwa wanakamati na ndugu zao. Jina la Lusubilo lilitokea mara mbili, kwenye shamba la shangazi na kwenye lile la aliyekwenda Zambia.

Enesi alimwita Raudha. Raudha alivaa miwani, akasoma safu ya kushoto na safu ya kulia, akauliza maswali mawili matatu, kisha akavuta kiti cha mteja akaketi.

Enesi alimpigia kaka yake palepale. Alimwambia ameona yote saba, na kwamba anampa hadi Ijumaa aende mwenyewe kwa mtendaji akaseme kulikuwa na kosa. Yeye atanyamaza kuhusu namna lilivyotokea. Aliona huo ndio wema wa mwisho anaoweza kuutoa.

"Futa lile faili la kwanza," Lusubilo alisema. "Ukilifuta, hakuna kitu."

Enesi alimuuliza kama anafahamu kwamba faili la kwanza ndilo analolitegemea kuonyesha si yeye aliyebadili majina. Lusubilo akajibu kwamba watu husahau, na kwamba yeye Enesi anaishi mjini, maneno ya kijiji yatamfanya nini. Kisha akamuuliza kama amekula, kama alivyomuuliza siku zote kabla ya kukata simu.

Enesi alilia kwenye meza ile, mchana, karani mmoja akiwa amesimama mlangoni na faili lake hajui aingie au arudi. Raudha alimpa karani ishara arudi baadaye. Enesi alipotulia alimuuliza Raudha angefanya nini kama angekuwa yeye.

Raudha alisema kaka ni kaka, na yeye hawezi kumwambia mtu amshitaki kaka aliyemsomesha. "Ila ukilifuta hilo faili," alisema, "hapo sasa utakuwa umeandika wewe kweli."

Ijumaa ilifika, Lusubilo hakwenda. Enesi alimpigia Gloria kuhakikisha, na Gloria akamwambia hakuna mwanakamati aliyefika ofisini wiki nzima. Jumamosi Enesi alipanda tena gari la Mlowo.

Gloria alimsikiliza akiwa ameegemea kabati. Alipoelewa, uso wake ulibadilika, kwa sababu hati zote mia sita na kumi na mbili zilikuwa na saini yake, na alizisaini kwa siku mbili akiwa anazungumza na watu. Alikiri hivyo, na kwamba waliokosa hati siku ile kamati iliwaambia wasubiri. Kisha walitoka nje pamoja mpaka kwenye ukuta, ambako orodha ya siku thelathini ilikuwa bado imebandikwa, imejaa vumbi, pembe zake zimejikunja. Walisimama pale na karatasi ya mistari saba, Enesi akitaja namba, Gloria akifuata kwa kidole. Kila namba kati ya zile saba ilikuwa ukutani na jina la zamani. Gloria alibandua orodha nzima kwa uangalifu, akaifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Aliuliza swali moja: kama Enesi yuko tayari kusema haya mbele ya mkutano, akiwa amesimama, kaka yake akiwepo. Enesi alisema yuko tayari. Gloria akamwekea kiti.

Mkutano ulifanyika baada ya wiki mbili. Safari hii hakuna aliyempigia makofi. Alieleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza, huku Gloria akishika orodha ya ukutani juu ili watu waione. Alilitaja jina la Lusubilo. Lusubilo alikuwa amekaa palepale pembeni ya meza, mikono magotini. Mzee mmoja aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo: kati ya karatasi hizi mbili, kompyuta yenyewe inaamini ipi?

"Kompyuta haiamini kitu, mzee," Enesi alisema. "Inatafuta namba na kunakili kilichoandikwa mbele yake. Kusoma ilikuwa kazi yangu, na sikusoma. Kwa hilo naomba radhi kwenu nyote, na kwa shangazi yangu."

Ruti, yule mjane wa mboga, alisimama akauliza kama shamba lake linarudi au halirudi, kwa sababu yeye radhi hawezi kuilima. Watu wengine walicheka kwa uchungu. Mwenyekiti akasema linarudi.

Hati saba zilirudishwa, zikafutwa, zikaandikwa upya. Kamati ilivunjwa. Lusubilo na wenzake wanne waliitwa wilayani, Vwawa, kuhojiwa. Walirudi baada ya siku tatu, na shauri likawa bado linaendelea miezi iliyofuata, likiahirishwa na kuahirishwa. Alipoulizwa mbele ya mkutano kama ana la kusema, Lusubilo alisema jambo moja tu, kwamba mtu akikaa sana na watu wa mpakani anasahau kwao. Enesi alisubiri amtazame. Hakumtazama.

Hati mpya ya 118 Enesi aliipeleka mwenyewe, pamoja na Gloria aliyekuja na kitabu cha kusaini. Shangazi aliwapokea uani. Macho yake hayakuwa yakiona vizuri herufi ndogo, hivyo alimpa Enesi amsomee. Enesi alisoma: jina, ekari tatu na robo, mashariki kijito. Shangazi akaomba asome tena, polepole, na Enesi akasoma tena. Shangazi alichukua karatasi kutoka mkononi mwake, akakaa nayo kidogo, kisha akamgeukia Gloria.

"Na wewe mtendaji, nisomee," alisema.

Gloria alimtazama Enesi, akasita, halafu akaisoma. Maneno yaleyale. Ndipo shangazi akachovya kidole kwenye wino na kukibonyeza kwenye kitabu. Hakusema hilo kwa ubaya, na Enesi hakuona ubaya usoni mwake. Alikuwa mtu mwenye tahadhari tu, kama wazee wanavyokuwa na watu wa ofisini. Gloria alipoondoka, shangazi alimwambia Enesi kwamba anajua si yeye, na kwamba moyo wake utafika huko polepole, asimharakishe. Walikaa uani wakimenya maharage mpaka jua lilipoanza kupungua na Enesi akalazimika kuwahi gari.

Mwezi wa kumi na mbili binti mkubwa wa Lusubilo alipata kipaimara. Enesi ndiye aliyemchagulia jina alipozaliwa. Hakupigiwa simu. Alizijua habari hizo Jumatatu, kwa karani mmoja kutoka Mbozi aliyeingia na mafaili yake, akasema jana alikuwa kwenye sherehe kwa kaka yake Enesi, palipendeza sana, na akauliza mbona yeye hakumwona. Enesi alisema alikuwa na kazi. Akapokea jedwali la karani, akalifungua, na akaanza kulisoma kutoka mstari wa kwanza.